Kamba Kumi na Mbili za Mzee Sadala

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Handeni kulipambazuka bila wingu hata moja, na ilipofika saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshayapiga mabati mpaka yanalia. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha siku kumi na tisa nyuma, nayo haikutosha hata kuotesha magugu. Upepo uliokuwepo ulikuwa wa kubeba vumbi tu.

Siku hiyo Mzee Sadala alivaa kanzu yake ya sikukuu katikati ya juma, jambo ambalo mkewe, Mwatumu, hakukumbuka kuliona tangu waoane.

"Leo nani anaoa?" Mwatumu alimuuliza, akimkung'utia kofia. "Au ndiyo naletewa mwenzangu?"

"Ningekuwa na ubavu wa wake wawili, nisingekwenda Korogwe kutengenezwa jicho."

"Basi jicho ndilo linalonitisha. Wanaume wakitengenezwa macho huanza kuona mbali."

Walicheka. Alikuwa amerudi jana yake jioni kutoka Korogwe, alikoondolewa mtoto wa jicho la kulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili aliweza kuhesabu vifungo vya kanzu yake akiwa amesimama. Alikuwa anakwenda kwenye uzinduzi. Mpwa wake, Rehani, alikuwa amejenga ghorofa juu ya mgahawa wake katikati ya mji, na mgeni wa heshima alikuwa yeye Sadala, mchinjaji wa mbuzi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuwa mgeni wa heshima mahali popote.

Sadala alizaliwa Sindeni. Babake alikata mkonge katika mashamba ya Korogwe kwa miaka mingi, na aliporudi kijijini alirudi na vitu viwili: kifua kibovu, na ustadi wa kusokota katani pajani mpaka itoke kamba nyembamba ngumu isiyokatika. Kuchinja pia alikuwa hodari. Mwanawe alijifunza yote mawili. Alipofika Handeni mjini akiwa kijana wa miaka ishirini na saba alipata kazi machinjioni, na pale ndipo alipobaki kwa miaka thelathini na mmoja. Kila alfajiri alielekea kibla, akasema Bismillahi, akapitisha kisu mara moja, akasubiri damu iishe yote. Hakumnolea mnyama kisu machoni pake. Hakumchinja mmoja mwingine akitazama. Wenzake walimwona mwenye kuchelewesha kazi. Wateja walimwona mwenye kuaminika.

Zamani kidogo, muuza nyama mmoja alimsingizia kuwa nyama aliyoiuza imepita mikononi mwake, kumbe haikupita. Tangu siku hiyo Sadala akaanza kufunga kamba. Kila mbuzi aliyemchinja alimfunga kamba ya katani kwenye mguu wa nyuma wa kulia, juu kidogo ya kwato, mnyama akiwa bado na joto lake: mizunguko miwili, fundo moja lililojificha chini ya mzunguko, na mkia wa kamba uliokatwa kwa kisu kilekile, urefu wa pingili moja ya kidole. Mkaguzi wa nyama alikuwa na muhuri wake, na muhuri ulisema nyama ni nzima. Kamba ilisema nani amechinja. Miaka ilivyokwenda, watu wakazoea. Mtu aliingia buchani, akageuza mguu, akatafuta kamba, ndipo akasalimia.

Wakati ule mjini kulikuwa na hoteli mbili tu karibu na stendi, zote zikiuza chai, chapati na maharage, na nyama siku ya Ijumaa. Kisha ikaja lami. Wakaja watu wa bomba la mafuta, wakaja wachimbaji na wenye magari yao. Katika miaka miwili Sadala alihesabu mwenyewe, kutoka stendi hadi njia panda ya Korogwe: milango kumi na mmoja mipya ya kulia na kunywea. Baa nne, migahawa minne, na mitatu iliyofanya yote mawili chini ya paa moja, mlango huu bia, mlango ule pilau. Jioni mji uliwaka taa za rangi na kunuka nyama choma. Na Waislamu wa mjini, ambao zamani walijua kila sufuria ni ya mama nani, sasa walisimama mlangoni wakiulizana: humu anachinja nani?

Hapo ndipo kamba ya Sadala ilipopanda thamani kuliko alivyowahi kuiwazia.

Rehani aliliona hilo kabla ya mjomba wake. Alikuwa mtoto wa Hajira, dada yake mkubwa Sadala, na alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka tisa akifanya kazi hotelini. Kwa Wazigua kama wao mpwa ana nafasi yake. Akiingia kwa mjomba haulizwi amefuata nini. Anafunua chungu mwenyewe. Rehani alipoona mji unakua akarudi, akanunua jengo, akaja kwa mjomba wake na mkungu wa ndizi.

"Mjomba, nataka jina lako."

"Jina langu la nini? Halipikiki."

"Linapikika, Mjomba. Mjini hapa ndilo pekee linalolika na watu wote."

Mgahawa ukaitwa Kwa Mjomba. Ukutani, upande wa barabarani, Rehani akamleta mchoraji akamchora Sadala mzima: kofia, kisu mkononi, na kicheko chenye meno mengi kuliko aliyobakiwa nayo. Karibu na jiko la kuchomea kulikuwa na kabati kubwa la kioo ambamo mbuzi waliochunwa walining'inia, miguu ikielekezwa kwa wateja ili kamba zionekane. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili Sadala aliwachinja mbuzi wote wa Rehani kwa mkono wake, akawafunga, na kila alipopita mbele ya picha ile aliinamisha uso kwa haya, lakini alipita.

Kisha jicho likaziba. Ijumaa ya tarehe 31 Januari alifanyiwa upasuaji Korogwe, na alasiri ileile Rehani alimfuata Manundu, hukohuko Korogwe, nyumbani kwa shemeji yake Sadala, akamkuta amefungwa kitambaa jichoni, amekaa mkekani na Mwatumu. Alileta machungwa na maziwa. Akauliza hali, akamsifu daktari, kisha akasema lililomleta.

"Mjomba, kuna mbuzi kumi na wawili nawatoa mnadani, upande wa Kiteto. Watafika Jumanne. Uzinduzi Alhamisi. Na wewe Jumanne bado uko huku."

"Mwenzangu Mdoe yupo machinjioni. Wapeleke kwa Mdoe. Mkono wake ni mkono wangu."

"Sawa kabisa. Ila kamba, Mjomba. Watu watatafuta kamba, na Mdoe lile fundo lako halijui."

Sadala alitia mkono mfukoni. Katani ilikuwemo, kwa kuwa hakuwahi kutembea bila katani.

Mwatumu akasema, bila kuinua kichwa kwenye machungwa aliyokuwa anamenya, "Kamba hufungwa mguuni. Sijawahi kuiona ikifungwa mkekani."

"Ni Rehani huyu, Mwatumu."

"Namwona. Mimi sijafungwa jicho."

Rehani alicheka, na Sadala naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya aone aibu kukataa. Alisokota kamba kumi na mbili kwa kupapasa, maana hata jicho la kushoto lilikuwa dhaifu. Kila moja akaipiga fundo, akaiacha kitanzi, ili Mdoe avute tu ikaze. Akamkabidhi mpwa wake mkononi, moja moja, akizihesabu. "Hizi ni za mbuzi atakaowachinja Mdoe. Si za mwingine."

"Mjomba, mimi ni mtoto mdogo?"

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka Alhamisi ile mchana alipokuwa akitembea kuelekea mjini na kanzu yake nyeupe, akichagua pa kukanyaga ili asichafuke. Njiani alipitia buchani kwa Mdoe kumshukuru. Mdoe alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Tazama! Sheikh wa mbuzi!" Mdoe akapiga kelele akiwa nyuma ya meza yake. "Nasikia wamekutia jicho la kioo."

"Ni lilelile, wamelifuta tu vumbi."

"Basi nitazame vizuri. Miaka yote umekuwa ukidhani mimi mzuri."

"Nakuona, na ninajuta pesa nilizolipa. Mdoe, ahsante kwa kazi ya mpwa wangu. Mbuzi kumi na wawili kwa siku moja si mchezo."

Mdoe aliacha kufuta kisu. "Mbuzi gani?"

"Wa Rehani. Wa Jumanne."

"Rehani hajakanyaga hapa. Wala machinjioni hatukumwona. Mimi nikadhani umefunga kazi mpaka upone, na yeye ananunua kwingine." Akamtazama rafiki yake usoni, na sauti yake ya kuita ng'ombe ikapungua. "Keti kwanza, Sadala."

Sadala hakuketi. Alisema labda amewapeleka kwa mchinjaji wa Mkata, labda gari lilichelewa, labda uzinduzi umepikiwa kuku. Alizisema labda tatu, na kwa kila moja Mdoe alitikisa kichwa.

Kwa Mjomba kulikuwa kumejaa. Chini wafanyakazi wa bomba walikuwa wameshaanza bia zao. Ngazi mpya ilikuwa imefungwa vitambaa. Huko juu, kwenye ghorofa lililoezekwa makuti ya kupendezesha, walikuwa wameketi watu wapatao sitini. Walimu, wafanyabiashara wa sokoni, waendesha bodaboda waliooga, na meza mbili nzima za wazee wa msikitini, watu ambao kwenye ile milango mingine kumi mipya wasingekunywa hata maji. Kabati la kioo lilikuwa limepandishwa juu. Ndani yake walining'inia mbuzi watatu.

Alilifikia kabati kabla hajafika kwenye kiti chake. Akainama.

Kamba zilikuwa nyeupe.

Kamba inayofungwa kwenye mguu wenye joto hunywa damu. Ikikauka huwa na rangi ya chai ya rangi, na huuma ngozi mpaka ukiikata inaacha alama. Hizi zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka mfukoni mwake Manundu, zimevutwa juu ya mguu uliokwisha kuganda, na moja ilikuwa imeteleza mpaka kwatoni. Fundo lilikuwa lake. Mkia, pingili moja. Na nyama juu yake, ingawa ilipakwa viungo vyekundu, ilikuwa na weusi ambao mtu wa kazi hahitaji kuambiwa maana yake: nyama iliyobaki na damu yake ndani.

Aliingia jikoni, hapohapo juu. Mpishi mkuu alikuwa Hosiana, mama wa Kishambaa kutoka Kwashemshi, mwanamke wa miaka arobaini hivi ambaye watu wote walimwita Mama Erasto. Alikuwa akikatakata vitunguu, na alipomwona mlangoni aliweka kisu chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Erasto. Wale mbuzi kabatini amechinja nani?"

Mama Erasto alijifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. "Mzee, mimi nilidhani unajua."

"Nijue nini?"

"Walikuja Jumanne saa tisa, kwenye kigari kidogo, wamepangwa kama magunia, jua hili hili. Kumi na wawili. Saba walikuwa wameshakufa. Bosi alisimama akashika kichwa. Kisha akasema wakatwe wote hapo hapo uani, wazima na wafu. Mlinzi wa hapa ndiye aliyekata. Wale saba hawakutoa damu, Mzee. Nikamuuliza bosi, na Mzee Sadala je? Akanionyesha zile kamba. Akasema, 'Mjomba amezituma mwenyewe.' Mimi nifanye nini? Kamba yako naijua." Akashusha sauti. "Hata kwetu sisi Wakristo mzoga hauliwi. Tangu Jumanne nakula ugali na mchicha."

"Watu wamekwisha kula?"

"Jana na juzi, ndiyo. Leo sahani zinaanza kutoka."

Rehani aliingia akiwa na shati jipya na manukato, mikono miwili mbele. "Mjomba! Kiti chako kinakungoja, mama yuko pale, amependeza kinoma, njoo uone..." Akaona uso wa mjomba wake. Akamtazama Mama Erasto. Akamshika Sadala kiwiko, akamshusha mpaka nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji.

"Saba," Sadala akasema.

"Mjomba, nisikilize."

"Saba, Rehani."

"Ningefanyaje? Watu nimeshaalika. Ghorofa nimejenga kwa mkopo. Mama ameshonesha nguo. Wamekufa kwenye jua njiani, mimi nimewaua? Nilikuwa na njia gani?"

"Njia ilikuwa Mdoe."

"Mdoe angekubali kuchinja maiti?"

"Ndiyo maana nilikwambia umpelekee."

Rehani aliangalia juu. Ghorofani watu walikuwa wanacheka, na mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. "Mjomba, mbona na wewe unajua? Ulizifunga kabla. Mimi sikuiba. Ulinipa kwa mkono wako." Kisha, kwa sauti ya utotoni, "Nyamaza leo tu. Nakuapia, kesho natupa yote."

"Kesho itakuwa imeshaliwa."

Wakaitwa. Rehani akamshika mkono, akapanda naye ngazi, na Sadala akapanda, kwa sababu miguu yake ilikuwa haijapata amri nyingine. Alimwona dada yake Hajira meza ya mbele, ametoka Sindeni asubuhi ile, amevaa gauni la samawati na mtandio, mgongo umenyooka kama wa bibi harusi. Alimpungia mkono. Na yeye akampungia.

Rehani alishika kipaza sauti. Kicheko chake kilitoka vizuri; Dar es Salaam walikuwa wamemfunza. "Mabibi na mabwana, wengi mnamjua ukutani. Leo nimemleta mwenyewe, anatembea! Mjomba, watu wako wana njaa. Wakaribishe, upige Bismillahi, tule."

Watu walipiga makofi. Kipaza sauti kikawa mkononi mwa Sadala, kizito kuliko alivyodhani. Mezani kwa wazee sahani zilikuwa zimeshafika. Mwalimu mstaafu Ukasha, aliyewahi kuwafundisha nusu ya watu waliokuwepo, alikuwa ameshika mfupa, anangoja neno.

"Mimi ni Sadala," alisema. Watu wakacheka, maana nani hakumjua. "Hizo kamba kabatini nimezifunga mimi. Hao mbuzi sikuwachinja mimi, na Mdoe hakuwachinja. Saba kati yao walikufa njiani kabla ya kisu. Ambaye hajala, asile. Aliyekula jana na juzi alikula kwa kunitazama mimi, na mimi sikuwepo. Nilitoa kamba kabla ya mbuzi. Hilo nimelifanya mimi, sikulazimishwa."

Akakiweka kipaza sauti juu ya meza. Kilitoa mlio, kikanyamaza.

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Mtu mmoja alikimbilia ukingoni, na wote wakamsikia anavyotapika barabarani. Bodaboda mmoja alisema kwa sauti, "Kwa hiyo supu ya juzi, jamani, supu ya juzi!" na mwenzake akamwambia, "Wewe uliongeza na bakuli la pili," lakini hakuna aliyecheka. Wazee wa msikitini waliinuka pamoja. Mwalimu Ukasha aliuweka mfupa sahanini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaja mpaka mbele ya Sadala.

"Ahsante kwa kusema," alisema. Akafuta vidole kwa leso. "Sasa niambie. Zile za Idi ya mwaka jana, nilizolisha wajukuu. Zile kamba ulizifunga mguuni, au nazo ulizituma?"

"Nilizifunga mguuni, Mwalimu. Zote, isipokuwa hizi kumi na mbili."

"Tutajuaje?"

Sadala aligeukia kabati. Miaka thelathini na mmoja, na kitu cha kumwonyesha Mwalimu Ukasha hakikuwepo, kwa kuwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kilikuwa ni kamba. Mwalimu akampa mkono, akashuka ngazi.

Rehani alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni wa heshima, kichwa kimeinama kati ya magoti. Hakumtazama mjomba wake. Alimtazama Mama Erasto, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akamwambia neno moja tu: "Ondoka." Mama Erasto akaanza kuvua aproni.

Hajira ndiye aliyekuja mwisho, mtandio umemshuka begani. Sadala alisogea kumpokea, kama alivyokuwa akimpokea dada yake tangu utoto.

"Dada."

"Jicho limekupa nini, mdogo wangu?" Hajira alisema, wala hakupaza sauti. "Umeona kamba, umeona mbuzi. Mwanangu hukumwona. Si ungemvuta pembeni?"

"Nilimvuta pembeni, dada."

"Ukamwacha kule pembeni, ukaja kumvua nguo mbele za watu. Baba angekuwa hai, usingethubutu." Akampita. Kwenye ngazi alishika ukuta, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua, na Sadala alipotaka kumsaidia aliuondoa mkono wake.

Sadala alirudi nyumbani kwa miguu jua likiwa bado juu. Akapita chini ya picha yake ukutani. Wavulana wawili wa bodaboda walikuwa wakiitazama, wakamtazama na yeye, wakalinganisha. Mwatumu alikuwa ameshasikia. Mji ulikuwa umekua, lakini maneno bado yalitangulia miguu. Hakumkumbusha mkeka wa Manundu. Alimtilia maji ndooni, akamwekea dawa ya jicho kwenye kiti cha bafuni, akaikunja kanzu ya sikukuu.

"Nimemlea," Sadala alisema, akiwa bado amesimama katikati ya ua. "Alipokuwa na surua alilala mgongoni mwangu, kutoka Sindeni mpaka zahanati. Aliniomba nikiwa sioni, Mwatumu. Angeweza kungoja kitambaa kitoke."

"Angengoja, ungemkatalia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Nisingemkatalia."

"Basi oga, maji yatapoa," Mwatumu akasema.

Asubuhi yake, Ijumaa, Sadala aliswali alfajiri safu ya pili badala ya ile ya kwanza aliyoizoea, akaenda stendi kabla ya kwenda machinjioni. Alichukua mfuko wake wa katani, wote, ile aliyoitengeneza kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani uliokuwa unakaribia. Mama Erasto alikuwa kando ya basi la Korogwe na godoro la sponji, ndoo na sufuria mbili kubwa. Kondakta alikuwa anagomba.

"Mama, godoro hili linafunguka kama ua! Likipigwa na upepo huko Sindeni mimi sirudi kuliokota!"

"Onga makeo," Sadala alimsalimu mama yule kwa Kishambaa.

Mama Erasto alicheka kidogo licha ya macho yake mekundu. "Mzee, hicho ni Kishambaa cha mbuzi."

"Ndio niliokaa nao zaidi." Akapiga goti juu ya godoro, akalikunja kwa uzito wa mwili wake. "Umepoteza kazi kwa ajili yangu."

"Nimeulizwa, nikajibu. Kaka yangu ana shamba, nitalima. Wewe je? Watakuletea mbuzi?"

Alikuwa ameshika kamba kwa meno. Alizunguka godoro mara nne, akatumia katani yote mpaka mfuko ukabaki mtupu, akapiga mafundo yake manne yaliyojificha, akayavuta. Kondakta alilijaribu kwa mguu, akaguna, akalirusha juu ya basi bila neno zaidi.

Machinjioni alifika jua limechomoza. Siku za nyuma, Ijumaa kabla ya Ramadhani, wangekuwa wakimngoja watu sita au saba. Alikuwepo Mdoe peke yake, na mbuzi wawili.

"Umechelewa, sheikh."

"Nilikuwa nafunga mzigo."

Alimlaza wa kwanza kuelekea kibla, akamficha wa pili nyuma ya ukuta. Akasema Bismillahi, akapitisha kisu, akangoja. Aliiangalia damu kwa jicho lake jipya mpaka ikaisha. Mdoe, kwa mazoea, akaunyanyua mguu wa nyuma wa kulia, akaushika hewani.

Sadala akaosha kisu.

"Kamba?" Mdoe akauliza.

"Sina."

"Kesho utakuwa nayo?"

"Hapana."

Mdoe aliushusha mguu polepole. "Sasa mimi wateja wakigeuza mguu niwaambie nini?"

"Waambie nachinja hapa, saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kujua aje asimame pale." Akamwonyesha kwa ncha ya kisu mahali pakavu kando ya ukuta, ambapo hapakuwa na mtu, kisha akaenda kumchukua mbuzi wa pili.